Usafi wa Nyuma ya Jicho

Kila Ramadhani inapokaribia, ujumbe uleule huanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Unasema kuna Mjapani aliyepata Tuzo ya Nobel kwa kugundua kwamba mtu akifunga, mwili hula uchafu wake wenyewe, na kwamba usafi huo huponya saratani, kisukari na hata upofu. Safari hii umeongezewa mkia: picha ya jicho, vidonge vya “kusafisha retina”, bei, na namba ya simu ya kuagizia.

Mimi hufunga, na sehemu kubwa ya maisha yangu nimekuwa muuguzi wa macho mkoani Tanga. Ujumbe huo umeniuma kwa sababu umechukua jambo la kweli, tena la ajabu, ukaligeuza biashara. Ni kweli kwamba seli hujisafisha. Ni kweli pia kwamba usafi huo ukikwama nyuma ya jicho, uwezo wa kuona huanza kuporomoka. Lakini mimi niliujua ukweli huo kwa njia ndefu, kupitia watu wa nyumbani kwetu na wagonjwa walioketi mbele yangu, na kila mmoja wao alinifundisha jambo ambalo tangazo lile limeliruka.

Nimezaliwa Muheza, chini ya milima ya Usambara, ambako mtoto hakumaliza masika bila homa. Dawa ya malaria ilikuwa klorokwini: vidonge vyeupe, vichungu. Hata mama avisage na kuvitia kwenye uji wenye sukari, uchungu ulibaki ulimini mpaka jioni. Usiku ndipo muwasho ulipoanza, kwenye viganja, nyayo, kichwa na mgongo mzima. Hapakuwa na kipele cha kuonesha wala mahali pa kupaka chochote. Bibi alitukuna mgongo kwa gunzi la muhindi, akihama kutoka kwangu kwenda kwa kaka yangu, akituambia tuvumilie. Asubuhi homa ilikuwa imeshuka. Klorokwini iliuzwa kwenye maduka ya mtaani pamoja na chumvi na mafuta ya taa, na karibu kila nyumba ilikuwa na vidonge kadhaa ndani ya kikopo. Mwaka 2001 Tanzania iliiondoa kwenye nafasi ya dawa ya kwanza ya malaria kwa kuwa vimelea vilikuwa vimeizoea. Ikaja SP, na kuanzia mwishoni mwa mwaka 2006 ikaja dawa mseto.

Naitaja klorokwini mapema kwa sababu ndiyo iliyonifungulia mlango wa habari hii. Kwa kipimo cha siku tatu cha malaria haikuharibu retina ya mtu. Tulikuwa sahihi kuiamini kwa kazi ile. Lakini imani ya dawa ya siku tatu ilihamia kimyakimya kwenye dawa ya miaka mingi, na hapo ndipo alipoumia mama mdogo.

Mama mdogo alikuwa fundi cherehani, na mikono yake ndiyo iliyotulipia ada wengi wetu. Miaka ya themanini baridi yabisi ilimvamia vidole. Asubuhi hakuweza kukunja ngumi wala kufunga vifungo vya gauni lake. Daktari mmoja akamwandikia klorokwini ya kumeza kila siku, tiba iliyokuwa ikijulikana na kutumika kwa ugonjwa huo katika nchi nyingi. Dawa ilifanya kazi. Baada ya miezi kadhaa vidole vililainika, naye akarudi kwenye cherehani. Cheti kilipokwisha aliendelea kununua mwenyewe dukani, mwaka baada ya mwaka, maana ilikuwa ya bei nafuu, ilimsaidia, na tulikuwa tumeizoea tangu utotoni. Hakuna aliyemwambia arudi kupimwa macho.

Dalili ya kwanza ilijitokeza kwenye msahafu. Alisema herufi zinamezwa: anaona mwanzo wa neno, anaona mwisho wake, katikati pamepotea. Muuza miwani akambadilishia lenzi, kisha akambadilishia tena. Baadaye nikamwona anavyotunga uzi. Hakulitazama tundu la sindano. Alitazama pembeni, ukutani, na kwa pembe ya jicho ndipo tundu lilipomjia. Nilipomwamkia, “Shikamoo mama,” aliitika, “Marahaba mwanangu,” huku macho yake yameelekea begani kwangu, maana usoni kwangu palikuwa na shimo. Macho yenyewe yalikuwa meupe, hayana wekundu, hayatoi machozi wala tongotongo. Hayakumuuma hata siku moja.

Daktari wa macho alimtia dawa ya kutanua mboni, akachungulia, kisha akaniita nichungulie nami. Nilikuwa muuguzi wa wodi wakati ule, sijasomea macho, lakini nilichokiona kilikuwa wazi: doa jekundu lililokoza katikati, na pete iliyopauka ikilizunguka. Jicho la pili lilikuwa na pete ileile. Daktari akanieleza kwa sauti ya chini kwamba mahali palipopauka ni seli zilizokwisha kufa, na kwamba seli zile zikifa hazioti tena. Klorokwini ikasimamishwa siku hiyohiyo. Hata hivyo uwezo wake wa kuona uliendelea kupungua kwa muda, na cherehani ikahamia kwa binti yake.

Somo la mama mdogo ndilo la kwanza kwangu na bado ndilo kubwa. Retina haina neva za maumivu. Ugonjwa wa mbele ya jicho huwasha, huchoma, hutoa machozi, nasi hukimbilia kliniki. Ugonjwa wa nyuma ya jicho haumwambii mtu chochote mpaka umeshakula sehemu ya kile anachokihitaji. Anayesubiri dalili anasubiri hasara. Kwa sababu yake niliomba kwenda Moshi kusomea uuguzi wa macho. Nilitaka kujua ni kitu gani hasa kilichokufa ndani ya pete ile.

Moshi nilifundishwa kwamba ndani ya retina kuna seli za kupokea mwanga za aina mbili. Kuna fito, zipatazo milioni 120 kwa kila jicho, zinazotuonesha njia gizani, na kuna koni, kama milioni 6, zinazotupa rangi, sura za watu na maandishi madogo. Koni zimesongamana zaidi katikati, mahali paitwapo makula, na ndipo mama mdogo alipopoteza herufi zake. Nyuma ya seli hizo limetandazwa tabaka lenye unene wa seli moja tu, nyeusi kwa melanini. Kila seli nyeusi huhudumia makumi ya seli za mwanga, na ukubwani kwa kawaida hazigawanyiki. Mtu hufa na seli nyeusi zilezile alizokulia nazo, pungufu ya zile zilizokufa njiani.

Kazi yao ndiyo iliyonishangaza. Ncha ya kila ufito imejaa visahani vyembamba mno vilivyopangwa safu juu ya safu, na ndivyo vinavyonasa mwanga. Mwanga na oksijeni huvichakaza. Mwaka 1967 Richard Young wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alionesha kwamba visahani vipya hutengenezwa chini ya ncha na kuvisukuma vya zamani kuelekea juu. Mwaka 1969 yeye na Dean Bok walionesha kwamba visahani vikongwe vinapodondoka, seli nyeusi huvimeza. Mwaka 1976 Matthew LaVail alionesha kwa panya kwamba fito huvidondosha kwa wingi asubuhi, muda mfupi baada ya mwanga kuingia. Kila siku takribani sehemu moja ya kumi ya ncha hudondoka na kumezwa, na katika siku kumi hivi ncha yote imekuwa mpya. Tunaamka, tunafungua dirisha, na kabla hatujamaliza chai seli nyeusi zimekwisha kupokea mzigo wa siku.

Kilichomezwa lazima kiyeyushwe. Ndani ya seli kuna vifuko vyenye asidi na vimeng'enya, viitwavyo laisosomu, alivyovigundua Mbelgiji Christian de Duve katika miaka ya 1950. Yeye ndiye pia aliyeupa jina la otofaji, mwaka 1963, ule utaratibu wa seli kukusanya sehemu zake zilizochakaa na kuzipeleka kwenye laisosomu. Seli nyeusi ya jicho ina mizigo miwili: uchafu wake yenyewe, na visahani vya majirani zake. Yote miwili huishia kwenye laisosomu zilezile, kila siku, kwa miaka sabini au themanini.

Nilipoelewa hivyo nilifikiria soko la nyumbani Tanga. Lori la taka lisipokuja siku moja, soko halifungwi. Wachuuzi huuza vilevile. Lisipokuja miezi, vichochoro huziba na vibanda hufa kimoja baada ya kingine, huku anayepita barabarani akiona bado soko liko wazi.

Hapo pete ya mama mdogo ikapata maelezo. Klorokwini huingia kwenye laisosomu, hunaswa humo, na hupunguza asidi yake, na vimeng'enya visivyopata asidi ya kutosha hulegea. Watafiti duniani kote hutumia klorokwini makusudi wanapotaka kuisimamisha otofaji ili waichunguze. Zaidi ya hayo, dawa hiyo hushikamana na melanini, kwa hiyo hukaa ndani ya seli nyeusi muda mrefu baada ya mtu kuacha vidonge. Madaktari wa Uingereza waliyaeleza madhara yake kwenye retina katika jarida la Lancet mwaka 1959. Elimu ilikuwepo kabla mama mdogo hajameza kidonge chake cha kwanza. Kilichokosekana ni mtu wa kuifikisha kwenye cheti chake.

Miaka kadhaa baada ya kurudi Tanga nilimpokea nahodha mstaafu wa jahazi kutoka Pangani, mzee mkakamavu aliyekuwa mvutaji sigara tangu ujana. Alisimama mlangoni akasema, “Sista, mlingoti wangu umepinda. Nimeupapasa kwa mkono, haujapinda. Nikiziba jicho la kushoto umenyooka, nikiziba la kulia umepinda.” Nilimpa karatasi ya miraba iliyobuniwa na daktari wa Uswisi, Marc Amsler, katika miaka ya 1940: mistari iliyonyooka yenye nukta katikati. Nikamwambia azibe jicho moja na atazame nukta. Kwa kidole kilichozoea kuonesha miamba majini akanichorea mahali ambapo mistari ilibonyea, na akazungushia eneo ambalo haikuwepo kabisa.

Ugonjwa wake ni ule wa makula unaokuja na umri. Miaka inavyokwenda, sehemu ndogo ya kile seli nyeusi inachomeza haiyeyuki, nayo hubaki ndani yake kama chembe za lipofusini. Chembe hizo hujaza nafasi ndani ya seli na baadhi ya kemikali zake huidhuru. Chini ya seli nyeusi hujengeka vijilima vya mafuta na protini viitwavyo druseni. Watafiti waliochunguza seli nyeusi kutoka kwenye macho ya marehemu waliokuwa na ugonjwa huo wameona otofaji ndani yake imezorota. Usafi pekee hauelezi yote: mfumo wa kinga una mkono wake, na mwaka 2005 jeni iitwayo CFH, inayoratibu sehemu ya kinga hiyo, ilitambuliwa kuwa miongoni mwa sababu kubwa za kurithi. Sigara nayo huongeza hatari mara mbili au zaidi. Kwa wagonjwa wengi seli hunyauka polepole. Kwa wengine, nahodha akiwa mmoja wao, mishipa mipya huota chini ya makula na kuvuja, na ndipo mistari inapopinda.

Mishipa hiyo hutibika kwa sindano zinazodungwa ndani ya jicho, tena na tena, na anayewahi huokoa mengi. Nahodha alikuwa amekaa na mlingoti wake uliopinda kwa misimu miwili ya kusi kabla hajapata nauli na mtu wa kumleta. Jicho la kushoto lilikuwa limeshapata kovu. La kulia lilikuwa na druseni tu. Tulimbandikia karatasi ya Amsler kwenye mlango wa chumba chake, aitazame kila asubuhi, na akaacha sigara. Kwa wagonjwa wa hali ya jicho lake la kulia, utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2001 ulionesha kwamba mchanganyiko maalumu wa vitamini C, vitamini E, beta-karotini, zinki na shaba hupunguza kwa takribani robo uwezekano wa ugonjwa kufikia hatua ya juu. Mwaka 2013 beta-karotini ikabadilishwa kwa luteini na zeaksanthini, kwa kuwa ilihusishwa na saratani ya mapafu kwa waliowahi kuvuta sigara. Vidonge hivyo havisafishi retina, havirudishi kilichopotea, na havijaonesha kumkinga mtu ambaye ugonjwa haujaanza. Yule anayeviuza kwa kila mwenye macho anauza kitu ambacho utafiti haukukisema.

Nahodha alinifundisha pia kuacha kuuita huu ugonjwa wa Wazungu, jina nililolisikia mara nyingi kwenye korido. Utafiti uliofanyika Nakuru, Kenya, kwa watu wa miaka 50 na kuendelea, ulikuta karibu asilimia 11 wana dalili za mwanzo za ugonjwa huu, na zaidi kidogo ya asilimia 1 wamefika hatua ya mwisho. Kadiri watu wetu wanavyoishi miaka mingi zaidi, ndivyo watakavyoongezeka.

Baada yake alikuja msichana wa sekondari aliyekuwa akihama dawati kila muhula kusogelea ubao. Walimu walisema anazembea. Miwani haikumsaidia. Mama yake alimnunulia vidonge vya vitamini A vyenye nguvu kubwa, kwa sababu kila mzazi wa nchi hii amesikia kwamba vitamini A huokoa macho ya watoto, na kwa watoto wadogo wenye upungufu hilo ni kweli tupu. Tulimpeleka Dar es Salaam akapigwe picha kwa mwanga wa buluu, ambao hufanya lipofusini ing'ae yenyewe. Makula yake ilikuwa na doa jeusi ambapo seli zimekufa, na kulizunguka kulikuwa na madoa yanayong'aa, katika jicho la binti ambaye hajafika miaka ishirini.

Ni ugonjwa wa Stargardt, uliopewa jina la daktari wa Ujerumani Karl Stargardt aliyeueleza mwaka 1909. Jeni yake, ABCA4, ilitambuliwa mwaka 1997. Jeni hiyo hutengeneza protini inayoondoa masalia ya vitamini A kwenye visahani baada ya mwanga kuyatumia. Ikiharibika, masalia hayo huungana na kuwa sumu, na seli nyeusi huyameza pamoja na visahani bila kuweza kuyayeyusha. Ndiyo maana wagonjwa hawa huambiwa wasimeze vidonge vya vitamini A. Mama yake aliposikia hivyo alishika mkoba wake kwa mikono miwili, vidonge vikiwa ndani, akauliza kama ameshamuumiza mwanawe. Daktari alimjibu kwamba ugonjwa umetoka kwenye jeni zilizorithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili wasiojua wanazo, na kwamba hakuna mzazi anayelaumiwa kwa hilo. Binti alimaliza shule kwa maandishi makubwa na kioo cha kukuzia.

Kwake nilijifunza kwamba kusema “jicho lisafishwe” hakutoshi. Lazima kuulizwe ni hatua ipi iliyokwama. Kwa mama mdogo asidi ya laisosomu ilizimwa na dawa. Kwa nahodha mzigo wa miaka ulizidi uwezo wa seli zilizozeeka. Kwa binti huyu taka zenyewe zilizaliwa hazina namna ya kuyeyushwa. Watu watatu, tabaka lilelile la seli, na kwa kila mmoja tiba ya mwenzake isingefaa kitu. Vitamini inayompunguzia mmoja hatari ingeweza kumwongezea mwingine.

Mwaka 2016 Yoshinori Ohsumi wa Japani alipotunukiwa Nobel nilifurahi, kwa kuwa hatimaye dunia ilikuwa inazungumza juu ya kazi ambayo jicho huifanya kila asubuhi. Ohsumi alichunguza hamira. Tangu mwaka 1988, kwenye maabara yake Tokyo, alizinyima seli za hamira chakula, akatazama kwa darubini vifurushi vikijazana kwenye kifuko chao cha kuyeyushia, kisha akazitafuta jeni zinazoendesha kazi hiyo. Ni jeni ambazo ndugu zake tumebeba nasi. Hakupima watu waliofunga, wala tuzo yake haikuwa ya dawa ya macho. Waliofuata nyayo zake wakayafikisha maarifa hayo kwenye retina. Mwaka 2013 timu ya Thomas Ferguson katika Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, ilionesha kwamba seli nyeusi hutumia baadhi ya mitambo ya otofaji kuyeyusha visahani, na kwamba panya waliokosa protini ya ATG5 katika seli hizo waliona hafifu, kwa sababu vitamini A iliyomo kwenye visahani haikurudishwa kazini ipasavyo. Usafi huo, kumbe, hurudisha pia malighafi ya kuonea.

Lakini tafiti hizohizo zinaonya. Mwaka 2018 ilichapishwa kazi juu ya panya wenye kasoro ya protini ya rodopsini iitwayo P23H, inayosababisha aina moja ya upofu wa kurithi: kwa panya hao kuichochea otofaji kuliharakisha kufa kwa fito, na kuipunguza kukazihifadhi. Kwa binadamu, dawa ya sirolimasi, inayojulikana kwa kuchochea otofaji, ilidungwa kwenye macho ya wazee ambao makula yao ilikuwa inanyauka. Haikupunguza kasi ya ugonjwa. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha dawa mbili za kwanza za hali hiyo, pegisetakoplani na avasinkaptadi pegoli. Zote hushughulikia mfumo wa kinga, na zote hupunguza tu mwendo wa ugonjwa. Ikiwa wanasayansi waliopeleka kichocheo moja kwa moja ndani ya jicho hawakuponya, anayeahidi uponyaji kwa kidonge cha kwenye simu anapaswa kuulizwa amepata wapi ushahidi wake.

Swali hilo lilifika nyumbani kwangu mwaka huu. Binti wa kaka yangu ana ugonjwa wa lupasi, na anatumia haidroksiklorokwini, ndugu wa klorokwini mwenye madhara machache zaidi. Alinipigia akasema, “Shangazi, nimesoma dawa yangu inapofusha. Na nimeona huu ujumbe wa kufunga. Naomba niiache, nifunge tu, mwili ujisafishe.” Sikuweza kumwambia hofu yake haina msingi, alikuwa amemwona nyanya yake mdogo akitazama ukuta ili aone sindano. Nilimwambia asiache dawa, kwa sababu lupasi isiyotibiwa hushambulia figo na moyo, na nikamsindikiza kwa daktari wake. Alipimwa uzito: kilo 62. Alikuwa akimeza vidonge viwili vya miligramu 200 kila siku. Mwongozo wa madaktari wa macho wa Marekani wa mwaka 2016 unasema kiwango kisizidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yaani kwake yeye takribani 310. Daktari akampangia viwili leo, kimoja kesho. Akapimwa figo, kwa kuwa figo dhaifu huiacha dawa irundikane mwilini, kisha akapigwa picha ya OCT inayoonesha tabaka za retina moja moja. Zilikuwa nzima.

Kwa anayebaki ndani ya kiwango hicho, hatari ya retina kuharibika ni chini ya asilimia 1 katika miaka mitano ya mwanzo na chini ya asilimia 2 kufikia miaka kumi, ila baada ya miaka ishirini hupanda hadi karibu asilimia 20. Ndiyo maana vipimo hufanywa ndani ya mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka baada ya mitano. Juu ya saumu, nilimwambia kile ninachoamini. Tunafunga kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, na ibada haihitaji Nobel iisimamie. Kama daktari anaona afya yake inaruhusu, afunge na dawa apangiwe wakati wa futari au daku. Maneno hayohayo nimewaambia wagonjwa wa presha ya macho walioweka dawa zao za matone kando mwezi mzima, wakitegemea saumu ifanye kazi ya chupa.

Nikiyakusanya yote haya, naona wazi kwamba jicho halina siku ya usafi mkuu. Linaishi kwa kazi ndogo inayofanywa kila siku na seli zisizo na warithi, na kinachoshindikana leo huonekana baada ya miaka kumi au thelathini. Kwa ugonjwa wa namna hiyo silaha yetu kubwa ni kuwahi kutazama. Kila anayeandikiwa haidroksiklorokwini apimwe uzito, kadi yake iandikwe mwaka alioanza dawa, na apewe tarehe ya kupimwa retina kabla hajatoka mlangoni. Kliniki zote zinazohudumia wagonjwa wa lupasi na baridi yabisi ziwe na daftari la watu hao, ili asiyerudi atafutwe. Kila mzee aliyevuka miaka hamsini apewe karatasi ya Amsler, ambayo gharama yake ni fotokopi moja, na afundishwe kuziba jicho moja baada ya jingine, kwa sababu jicho zima humficha mwenziwe mgonjwa. Mwalimu amwonapo mtoto anayesogelea ubao ampeleke kliniki kabla ya kumwita mzembe. Na fedha ambazo mtu angelipia vidonge vya “kusafisha retina” zitoshe nauli ya kwenda kutiwa dawa ya kutanua mboni na kuchunguliwa nyuma ya jicho, maana huko ndiko daktari anakoweza kuona mapema kile ambacho mgonjwa mwenyewe hawezi kukihisi.